Lulu ya Thamani, na Yule Aliyeizamia



Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu mgeni, nimetoka Chuo cha Ualimu miezi michache tu iliyopita, nikapewa Darasa la Sita. Siku moja katika kipindi cha dini nilifundisha ule mfano wa mfanyabiashara aliyetafuta lulu nzuri, ulioandikwa katika Mathayo sura ya 13. Nilichora duara ubaoni, nikalijaza chaki nyeupe, nikaeleza kwa bidii jinsi mtu yule alivyouza mali yake yote ili aipate lulu moja. Mwisho nikauliza kama kuna swali. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa mkulima wa korosho, akasimama. Akasema: "Mwalimu, yule aliyezama baharini akaitoa, yeye alilipwa kiasi gani?"

Darasa likacheka. Mimi nikamwambia kwamba mfano hausemi habari hiyo, akae chini. Akakaa. Sikuwa na jibu, nami niliona haya kusema kwamba sina.

Sasa nimestaafu, ninao muda wa kusoma. Nilipoombwa kuandika somo la mwezi huu, nimeona yafaa nilipe deni lile la zaidi ya miaka arobaini. Tutajifunza kwanza lulu ni kitu gani, kisha tutazame ilivyotolewa baharini, na mwisho tutajaribu kulijibu swali la mtoto yule.

1. Lulu ni kitu gani?

Vito vingi hutoka ardhini: almasi, yakuti, zumaridi, na tanzanaiti ya nchi yetu. Hukaa chini kwa mamilioni ya miaka, na vikichimbwa vyahitaji fundi wa kuvikata na kuvisugua kabla havijang'aa. Lulu si jiwe. Yatoka katika mwili wa mnyama aliye hai, yaani chaza, na itokapo huwa imekwisha kamilika. Haihitaji kukatwa. Labda ndiyo sababu binadamu aliipenda tangu zamani sana. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba katika kisiwa cha Marawah, karibu na Abu Dhabi, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata lulu yenye umri wa miaka ipatayo 8,000.

Wengi tulifundishwa, na mimi pia nilifundisha, kwamba lulu huanza kwa chembe ya mchanga iingiayo katika gamba. Kwa kawaida sivyo. Mchanga humwingia chaza kila siku, naye ajua kuutoa. Mara nyingi lulu huanza pale kijidudu kinapotoboa, au pale ile ngozi laini inayotengeneza gamba inapojeruhiwa, na kipande chake kidogo kikasukumwa ndani ya mwili. Kipande hicho hakifi. Huendelea na kazi yake ya siku zote mahali kilipo: hujifunga kama kifuko, kikatandaza ndani yake utando mng'avu ule ule tunaouona upande wa ndani wa gamba. Basi lulu ni kazi ya kila siku ya chaza, iliyofanyika mahali penye jeraha.

Utando huo kwa sehemu kubwa ni kitu kile kile kilichomo katika ganda la yai la kuku, umeunganishwa na gundi ya mwili wa chaza mwenyewe. Tabaka moja lina unene wa kama nusu ya sehemu ya elfu moja ya milimita. Wanafunzi na wafanye hesabu: unene wa milimita moja wahitaji matabaka 2,000. Nuru ikiingia katika matabaka hayo hugawanyika na kurudi, nasi twaona mng'ao ule unaoonekana kama watoka ndani.

2. Kuijua lulu na kuitunza

Akina mama kadhaa wamewahi kunionyesha mikufu yao baada ya ibada, wakiuliza: "Hii ni lulu kweli?" Njia moja ya nyumbani ni hii. Isugue polepole kwenye ncha ya meno ya mbele. Lulu hukwaruza kidogo, kama yenye unga mwembamba sana. Ya kioo au plastiki huteleza. Tena lulu za kweli hazifanani kabisa. Ukitazama mkufu ambao shanga zake zote ni sawasawa kama zimetoka katika kalibu moja, yafaa uwe na shaka.

Lulu ni laini kuliko mawe ya vito. Hukwaruzika upesi, na vitu vikali kama siki na maji ya ndimu huila. Hata jasho na manukato huifubaza. Kwa hiyo mwenye mkufu wa lulu huuvaa baada ya kujipaka mafuta na manukato, na hurudipo nyumbani huuvua kabla ya vitu vingine. Aupanguse kwa kitambaa laini, auweke mbali na mapambo mengine.

Ziko lulu za asili, ambazo chaza alizifanya peke yake, na ziko lulu za kufugwa, ambazo mtu amemtia chaza kitu mwilini ili aanze kazi. Zote mbili ni lulu. Kwa macho hazitambulikani. Wataalamu hupiga picha ya eksirei ili waone kilichomo katikati. Lakini hakuna kipimo, cha meno wala cha eksirei, kiwezacho kuonyesha ni mkono wa nani uliyoitoa lulu baharini. Habari hiyo twaipata kwa kusoma historia tu.

3. Kazi ya wazamiaji

Tangu zamani lulu nyingi zilizojulikana duniani zilitoka katika bahari tatu: Bahari ya Shamu, bahari iliyo kati ya India na Sri Lanka, na hasa Ghuba, yaani ile bahari iliyo kati ya Uajemi na Arabuni, zilipo leo Kuweiti, Bahreini, Katari na Falme za Kiarabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu zaidi ya 70,000 walifanya kazi ya lulu upande wa Arabuni wa Ghuba peke yake.

Msimu mkubwa ulichukua kama miezi minne ya kiangazi, maji yanapokuwa na joto. Kila chombo kilikuwa na nahodha, na neno hili wao nao hulitumia, wakitamka kwa namna yao. Walikuwapo wazamiaji, na walikuwapo wavutaji. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha pembe au cha gamba la kasa, akafunga jiwe zito mguuni, akaning'iniza kikapu shingoni. Jiwe lilimpeleka chini, mara nyingi mita kumi na zaidi, pengine hata ishirini. Alikwangua chaza kwa haraka mpaka pumzi ilipokaribia kwisha, ndipo alipotikisa kamba na mwenzake akamvuta juu. Yote hayo ni kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo.

Mtu mmoja aliweza kuzama mara 50 kwa siku, na siku nyingine zaidi. Tukihesabu mara 50 kwa siku 120, tunapata mara 6,000 kwa msimu mmoja. Mchana alikula kidogo sana, tende na kahawa, kwa sababu tumbo lililoshiba haliwezi kuzama. Chakula cha kushiba kilikuwa cha usiku. Wengi walipasuka ngoma za masikio, wakawa viziwi. Wengine macho yaliharibika kwa chumvi, na ngozi ikawa vidonda. Walikuwapo papa, na walikuwapo viwavi wa baharini wenye kuwasha, hata wengine walizama wamevaa nguo za pamba mwili mzima ili kujikinga.

Chaza wote waliopatikana kwa siku walimwagwa sitahani rundo moja, wakafunguliwa asubuhi yake mbele ya macho ya nahodha. Mamia hufunguliwa bila kuonekana lulu ya maana. Na kwa kuwa rundo lilikuwa moja, mzamiaji hakupata kujua kamwe kama lulu ile nzuri imetoka katika kikapu chake au cha mwenzake. Mtoto yule wa Darasa la Sita alidhani kuna mtu aliyejua kwamba ameitoa. Kumbe mwenyewe hakuijua.

4. Deni

Sasa tufikie malipo. Wazamiaji hawakupewa mshahara. Mapato ya msimu yalitolewa gharama za chombo na chakula, kisha yakagawanywa mafungu, na mzamiaji alipata fungu kubwa kidogo kuliko mvutaji. Kwa maneno mpango huo wasikika kuwa wa haki.

Lakini kabla ya safari mtu alihitaji kuacha chakula nyumbani kwa mke na watoto. Hana kitu, basi nahodha humkopesha. Msimu ukiisha hukopeshwa tena ili apitishe miezi isiyo na kazi. Nahodha mwenyewe naye alikopa kwa mfanyabiashara wa pwani. Deni lilishuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, na kila liliposhuka liliongezeka. Fungu la mzamiaji liliingia katika deni kabla halijafika mkononi mwake. Mwenye deni hakuruhusiwa kwenda kwa nahodha mwingine mpaka alipe, naye halipi kamwe. Mahali pengine mtu akifa deni liliwaangukia wanawe, nao wakaenda kuzama badala yake.

Walimu wenzangu watanielewa nikisema kwamba jambo lililonigusa zaidi ni daftari. Hesabu zote ziliandikwa na mkopeshaji, na mzamiaji hakujua kusoma. Akiambiwa anadaiwa 200, ni 200. Katika miaka ya 1920 huko Bahreini ilitolewa amri kwamba kila mzamiaji awe na kitabu chake mwenyewe cha hesabu. Manahodha wengi waliipinga amri hiyo kwa nguvu. Ukitaka kujua kama deni ni la haki, mtazame anayekasirika linapoandikwa.

Wakati huo huo, mwaka 1917, huko New York, sonara Pierre Cartier alipata jumba kubwa katika mtaa wa Fifth Avenue bila kulipa fedha nyingi. Alitoa dola 100, pamoja na mkufu mmoja wa lulu wenye nyuzi mbili, uliothaminiwa dola milioni moja. Mwenye jumba alikubali, kwa sababu mke wake aliupenda mkufu ule. Jumba zima kwa mkufu mmoja! Na mwisho mmoja wa biashara ya namna hiyo ya lulu za asili alikuwapo mtu mwenye kibanio puani, asiyejua kusoma deni lake.

5. Watu wetu waliokuwamo

Hapa, ndugu wasomaji, somo linaingia nyumbani kwetu Kusini.

Wazamiaji wengi walikuwa watu huru waliofungwa na deni: Waarabu, Wabaluchi, Waajemi. Lakini wengine walikuwa watumwa, na kati yao wapo waliotoka pwani na bara ya Afrika Mashariki. Bei ya lulu ilivyopanda huko Ulaya na Marekani, ndivyo mikono ilivyotakiwa zaidi katika Ghuba, katika mashamba ya tende na katika vyombo vya lulu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Palipokuwa soko, Askofu Edward Steere alijenga Kanisa Kuu la Mkunazini. Mwaka 1876 askofu huyo huyo aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaja bara, na hivyo misheni ya Masasi ikaanzishwa. Hayo tumeyasikia mara nyingi katika sikukuu zetu, na zimo familia kati yetu zinazojua kwamba chimbuko lao ni kundi lile.

Tusilolisikia sana ni habari za wale ambao vyombo vyao havikukamatwa. Mkataba haukumaliza biashara ile kwa siku moja; ilifichwa, ikaendelea. Watoto waliokamatwa bara na kupitishwa pwani, Kilwa ikiwa bandari mojawapo kubwa, wengine walifika Unguja wakabaki, wengine wakaenda mbele hadi Omani na Ghuba. Kijana mwenye mapafu mazuri alitiwa katika chombo cha lulu. Fungu lake la mapato hakulipokea yeye. Lilipokelewa na bwana wake.

Baadaye mamia ya watumwa wa Ghuba walikwenda mbele ya maofisa wa Kiingereza, mahali kama Bahreini na Sharjah, kuomba hati ya uhuru. Maelezo yao yaliandikwa, na karatasi hizo zipo hata leo. Wako waliosema kwamba walitekwa utotoni katika pwani yetu, na kwamba kazi yao ni kuzamia lulu. Utumwa ulipigwa marufuku Bahreini mwaka 1937, Katari mwaka 1952, na Omani mwaka 1970. Mwaka 1970 mimi nilikuwa mtoto wa shule. Si habari ya kale sana.

Wajukuu wao wako huko mpaka leo, ni raia na Waislamu kama jirani zao. Ipo ngoma yao moja iitwayo leiwa, na katika nyimbo zake yamo maneno ya Kiswahili. Mjini Doha ilifunguliwa mwaka 2015 nyumba ya makumbusho inayoeleza wazi historia ya utumwa katika Katari. Yafaa tuwasifu kwa kutoificha.

Wala tusinyoshe kidole upande mmoja. Waliowakamata watoto wale bara mara nyingi walikuwa Waafrika wenzao. Waliowasafirisha na waliowamiliki walikuwa Waislamu wengi. Na waliozivaa lulu Paris, London na New York, wakaziingiza hata kanisani, walikuwa Wakristo. Kila mmoja aliona sehemu yake tu ya kamba.

6. Mjapani aliyeishusha bei

Huko Japani, mwaka 1858, katika mji wa Toba, alizaliwa Kokichi Mikimoto, mtoto wa muuza tambi. Aliona chaza wa bahari yao wanakwisha kwa kuvuliwa ovyo, akaanza kuwafuga pamoja na mkewe Ume. Mwaka 1892 maji ya bahari yalichafuka yakawa mekundu, chaza wengi wakafa. Mwaka uliofuata, 1893, waliinua kamba wakamfungua chaza mmoja, wakaona nusu lulu imeshikamana na gamba. Ume alifariki mwaka 1896. Mikimoto na wataalamu wengine wa Kijapani waliendelea, wakafaulu kupata lulu za mviringo kamili, na katika miaka ya 1920 lulu za kufugwa zikaenea katika masoko ya Ulaya.

Wafanyabiashara wa zamani walipiga kelele kwamba ni za uongo. Lakini zilikuwa lulu kweli, maana ziliumbwa na chaza, nazo ziliuzwa kwa bei nafuu. Ikaja na dhiki ya fedha ya dunia nzima iliyoanza mwaka 1929. Bei ya lulu za Ghuba ikaanguka. Ule mkufu wa Cartier, uliokuwa na thamani ya jumba, uliponadiwa mwaka 1957 haukupata hata robo ya bei yake ya kwanza.

Huko Ghuba ilikuwa miaka ya njaa. Vyombo vilivutwa pwani vikaoza. Mafuta ya petroli yalipatikana Bahreini mwaka 1932 na Kuweiti mwaka 1938, lakini neema yake ilichukua muda kuwafikia watu wadogo. Na liko jambo gumu kulisema. Baadhi ya watumwa waliachwa waende zao kwa sababu tu mabwana wao hawakuweza tena kuwalisha. Uhuru wao ulikuja kwa kuanguka kwa bei, si kwa moyo wa mtu kugeuka. Tangu nilipolisoma jambo hilo nimejiuliza: je, maovu ya leo tunayaacha kwa toba, au tunayaacha tu yanapokosa faida?

7. Na sisi hapa nchini?

Lulu zinafugwa siku hizi hata Unguja. Tangu miaka ya 2000, akina mama wa upande wa Fumba walifundishwa kufuga chaza na kubandika vijipande vya mviringo upande wa ndani wa gamba, na baada ya miezi kadhaa wanapata nusu lulu za kutengenezea mapambo. Ni kazi ya mikono yao, na lulu wanaiona inavyokua.

Upande wa mawe, wakubwa wenzangu mnakumbuka vijana wetu walivyokimbilia Tunduru katika miaka ya 1990 kutafuta vito. Huko Mirerani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, vijana waitwao wanaapolo walishuka mashimoni kwa miaka mingi bila mshahara. Walipewa chakula, wakangoja fungu lao siku jiwe litakapopatikana. Watoto wembamba waliopita penye nyufa waliitwa nyoka. Machi 2008 mvua kubwa ilijaza mashimo maji, na makumi ya wachimbaji wakafa. Mpango wao haukuwa mbali sana na ule wa wazamiaji wa Ghuba.

Lakini mambo yaweza kuwa vingine. Mwaka 2018 Serikali ilikamilisha ukuta wa kuzunguka machimbo yale, ikaweka na soko karibu. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer, mwenye leseni yake, alipata mawe mawili ya tanzanaiti yenye kilo 9.27 na kilo 5.1, akalipwa na Serikali zaidi ya shilingi bilioni 7.7, hesabu ikatangazwa mbele ya taifa zima. Bei iliandikwa, kila mtu akaisikia.

8. Jibu la swali

Basi namjibu mtoto yule, ambaye sasa ni mtu mzima wa makamo, popote alipo. Ndugu yangu, aliyeizamia alilipwa kidogo, na kile kidogo kilikatwa deni asiloweza kulisoma. Na wengine, waliotoka katika vijiji kama vyetu, hawakulipwa kitu.

Mfano wa Bwana wetu haufundishi biashara, wazungumzia Ufalme. Hata hivyo nimeona sasa jambo ambalo mwaka 1982 sikuliona. Sifa ya mfanyabiashara yule ni kwamba alitoa vyote alivyokuwa navyo. Hakutafuta kupata kitu cha thamani kubwa kwa kumpunja aliye chini. Sisi twapenda lulu, lakini kulipa kamili hatupendi.

Nami sijitoi. Mwaka mmoja wa mvua haba, nikiwa bado kazini, jirani alinijia mwezi wa Februari, watoto wake hawajala. Nilimpa debe moja la mahindi, tukakubaliana atanilipa korosho wakati wa mavuno. Alinilipa. Nilipoziuza korosho zile nilipata fedha za kununua madebe manne. Nilijiona nimemsaidia, nikamsimulia mtu hivyo. Ninyi nyote mnalijua jina la mpango huo: ni kangomba. Nilikuwa nimefundisha mfano wa lulu mara nyingi kufikia mwaka ule, na sikuuona uhusiano wowote. Nilipokuwa nikisoma habari za wazamiaji na mikopo ya kabla ya msimu, ndipo nilipoona kwamba nami nilikuwa nahodha. Jirani yule amekwisha fariki. Nilikwenda kwa mjane wake nikamweleza, nikarudisha nilichokadiria. Alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Bibi Mwalimu, nilidhani umesahau. Sisi hatukusahau."

Kwa hiyo naomba tuondoke na mambo matatu. Kwanza, mwenye njaa asikopeshwe kwa mazao yaliyo shambani. Apewe, au akopeshwe kwa kipimo kile kile atakacholipa. Pili, kila deni na kila kibarua kiandikwe, na karatasi moja ikae kwa aliye mdogo. Kama hajui kusoma, asomewe na mtu anayemwamini yeye. Tatu, tukipewa au tukinunua kitu kizuri, pete ya harusi au hata mkufu wa shanga, tuulize kama mtoto yule alivyouliza. Na mtoto akituuliza, tusimwambie akae chini.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Lulu huanzaje katika mwili wa chaza? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

2. Kwa nini mzamiaji hakuweza kujua ni lulu ipi aliyoitoa yeye? Nani alifaidika kwa mpango huo?

3. Kwa nini kitabu cha hesabu cha mzamiaji kiliwaudhi manahodha? Je, katika vyama na vikundi vyetu kila mwanachama ana karatasi yake?

4. Watumwa wengine waliachwa huru bei ya lulu ilipoanguka. Kuna tofauti gani kati ya kuacha ubaya kwa toba na kuuacha kwa kukosa faida?

5. Je, kuna mtu katika mtaa wako ambaye mavuno yake yamekwisha nunuliwa kabla hayajaiva? Kikundi chako kinaweza kufanya nini kabla ya mwezi wa Oktoba?